Gari la Mteremkoni

Asubuhi ya Julai, Uyole imejifunika ukungu mpaka kidevuni,
Asangalwisye akaja kwa miguu, mikono makwapani.
"Dada Tumpe, imekataa tena."
Imekataa. Kama punda, kama benki.
Gari halikatai, nikamwambia. Gari linasubiri kitu.

Lilikuwa nyuma ya ghala la viazi,
jekundu, viti viwili, tumbo karibu liguse tope,
gia za mkono, sita na ya kurudi nyuma:
gari la mtu aliyeuza magunia mia kadhaa ya viazi mviringo
akanunua kitu kisichobeba hata gunia moja.
Sikucheka. Kila mtu ana njaa yake.

Wataalamu walikwisha kufika.
Ndele wa vipuri alisema betri (anauza betri).
Mwampashi alisema stata (anayo moja, kuukuu, uvunguni).
Tingo wa lori la Tunduma alisema plagi,
kisha akasema petroli ina maji,
kisha akaomba kiberiti.

Mimi fundi rewaya. Kazi yangu ya kwanza ni kunyamaza.
"Washa."
Akazungusha ufunguo. Taa za dashibodi, zote.
Honi ikalia hadi kuku wakatawanyika.
Betri inayokufa hufifia,
na stata iliyochoka walau hugonga, ta,
kama mgeni abishaye hodi huku anaondoka.
Hapa hapakuwa na ta.
Kimya kizima, kisicho na ufa.

"Jana ulifikaje nyumbani?"
Akatazama viatu.
Kumbe wiki mbili analiegesha mteremkoni,
Igawilo kanisani, Nsalaga pale juu:
anatoa breki, gia ya pili, anaachia klachi,
nalo linanguruma kama halijawahi kuugua.
Mbeya haikosi kilima; mtu anaweza kuificha aibu yake miaka.

Ungesema mapema, Asa.
Gari linalowaka kwa kuserereka limekwisha kujieleza:
petroli ninayo, moto ninao, plagi zangu nzima.
Kinachokosekana ni ruhusa.

Nikalala chali, kichwa chini ya usukani,
miguu nje, baridi ikipanda suruali.
"Kanyaga klachi. Achia. Kanyaga."
Gari la namna hii halimwamini mtu.
Haliwaki mpaka liambiwe klachi imekanyagwa,
na mwambiaji ni kiswichi kidogo,
mfano wa kidole cha mtoto, pale pedali inapoishia.
Pedali ilikwenda hadi mwisho.
Kidole kikapita katikati ya tundu kwenye chuma,
kikagusa hewa.

Kisha nikaona zulia. Chini ya kisigino chake
makombo ya plastiki, manjano, kama ganda la yai lililosagwa.
Hicho ndicho kilichokuwa kikiziba tundu.
Kilizeeka, baridi ikakipasua,
na wewe wiki mbili unalikanyaga jibu.

Kipuri chake hakipo Uyole, wala Mwanjelwa.
Ndele alisema, "Japani," akatabasamu.
Nikaangalia koti la Asangalwisye.
Kifungo cha tatu, kipana, matundu manne.
Nikakikata kwa wembe kabla hajakubali,
nikakishona kwenye chuma kwa waya mwembamba.
"Kanyaga. Washa."

Tingo alisahau sigara mdomoni.

Bei ilitugombanisha.
"Kifungo ni changu, nikulipe nini?"
Ni chako. Lakini kazi ya kifungo ni kufunga;
nani amekifanya kifungue?
Akalipa, nusu noti, nusu viazi.

Jumapili nikapita kanisani Igawilo.
Gari jekundu juu ya mteremko, pua ikitazama chini,
jiwe mbele ya tairi.
Linawaka vizuri, akaniapia, hata usiku, hata kwenye baridi.
Basi tu.
Na koti lake, pale katikati,
alikuwa amelibana kwa pini.